Kabla ya Dawa Alikuwaje?

Nekesa,

Mama yako amekupeleka kusukwa kule Cedar-Riverside, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi na mdomo wake, hamtarudi leo mapema. Basi nimepata nafasi. Masanduku yako yamejaa mlangoni mpaka nikienda jikoni napita ubavu ubavu kama mwizi. Nguo za baridi umeziacha zote kitandani, eti Arizona hakuna theluji. Haya. Sitakuambia ule nini, ulale saa ngapi, utembee na nani. Mama yako ameshakuambia, na juzi nilimsikia akikurudishia yote kwa simu ilhali mko nyumba moja, wewe chumbani yeye sebuleni.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua unaelewa kila neno halafu unanijibu Kiingereza, lakini mara hii huwezi kunijibu katikati ya sentensi. Hiyo peke yake ni raha.

Ninataka turudi kwa mambo ya Jumapili. Tulikuwa mezani, ukasema ukifika chuo utaacha ile kapsuli. Ulisema kwa utulivu, kama mtu aliyefikiri sana. "Baba, nimeinywa miaka kumi. Nimechoka. Kucha zangu zimekuwa nyeusi, na siku moja nitataka watoto. Na huko ni joto, na mimi huumizwa na baridi." Nikapiga meza. Chai ikamwagikia chapati. Nikafoka kama kawaida yangu, nikasema maneno ya mimi ndiye baba na nyumba hii ni ya nani, nawe ukanitazama tu ukasema, "Mimi si abiria wako." Ukaingia chumbani. Mama yako akakusanya vyombo akaniambia, "Umeyataka mwenyewe." Mgala muue na haki yake mpe: niliyataka.

Nilipiga meza kwa hofu, Nekesa. Naogopa ukiacha dawa mbali na sisi, usiku mmoja kifua kitakubana na mimi niko Minnesota. Nimeisema, imetoka. Lakini chini ya hofu kuna kitu kingine ambacho sikukuambia, kwa sababu nikishaanza kufoka mambo mazuri yote hunitoka kichwani. Kuna swali limenikaa akilini miaka hii kumi, na siku hizi nalipenda, nalichezea nikisimama kwenye taa nyekundu. Mtu anajuaje kwamba dawa inasaidia? Anajuaje hasa?

Mimi nilidhani najua. Ndiyo hadithi yenyewe, na sehemu kubwa unaijua maana mama yako huisimulia wageni wakija, wacheke. Hasimulii yote.

Ulikuwa na miaka minne tulipoambiwa ni selimundu. Tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tutoke Bungoma. Daktari wako wa kwanza, yule mama mpole mwenye miwani ya kamba, alituchorea chembe ya damu kwenye kitambaa cha karatasi: ya kwanza mviringo, ya pili imejipinda kama mundu. Akasema hizi zilizojipinda hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo zinapokwama ndipo mtoto hulia. Mama yako alilia. Mimi nilikuwa nakumbuka nyumba moja kule kwetu ambako watoto walikuwa wakilia mifupa kila mvua zikianza, na sisi wengine tukiambiwa tusiende kucheza huko. Miaka yote hiyo kumbe ugonjwa ule ulikuwa na jina.

Wakati huo ndio nilianza kazi ya kuendesha gari la wagonjwa. Sio ambulensi, lile gari jeupe la kuwapeleka kliniki watu wasio na usafiri. Nilikuwa nawachukua kwenye yale maghorofa ya Cedar, nawachukua huku Columbia Heights, wazee wa figo, akina mama wajawazito, na watoto kama wewe. Watoto kama wewe walikuwa wachache, lakini niliwajua wote. Macho yangu yalikuwa kwao, maana nilikuwa na wangu nyumbani.

Ulipofika miaka sita mwaka ule ulilazwa mara nyingi, na daktari akatuambia kuna kapsuli ya kunywa kila siku. Siku hizo walikuwa wanawapa hasa watoto waliozidiwa, sio kama sasa. Akatueleza vizuri, na akasema pia kwamba dawa hiyo hiyo hutumika pia kwa baadhi ya saratani. Mama yako akasema tuanze. Mimi nikasema hapana.

Unajua nilimwambia nini daktari? Nilimwambia, "Mimi naendesha gari. Nimeona kwa macho yangu." Na nilikuwa nimeona kweli! Watoto wanaokunywa ile kapsuli nilikuwa nawapeleka hospitali kila mara. Wasiokunywa, nawaona mara moja moja. Kulikuwa na mama mmoja Mkongomani, Mama Furaha, na binti yake ambaye alikuwa mkubwa kwako kidogo. Nilikuwa namuuliza kwenye kioo, "Anakunywa ile dawa?" Anajibu, "Ndiyo, papa." "Na leo hospitali tena?" "Tena, papa," na anashusha pumzi. Ushahidi gani mwingine nilihitaji? Abiria wa dawa wanarudi, abiria wasio na dawa hawarudi. Nikaona madaktari ndio hawaoni, maana wao wanakaa chumbani na mimi niko barabarani.

Tuligombana na mama yako, we acha tu. Alikuwa akifanya kazi ya usiku kule nyumba ya wazee, anarudi asubuhi macho mekundu, na bado ana nguvu za kubishana. Siku moja akaniambia, "Macho yako yameona abiria. Hayajaona watoto." Nikadhani ni kijembe tu. Sikujua amenipa jibu zima kwa bei ya bure.

Hivyo ukapita mwaka wa kwanza bila dawa, na mwaka wa pili. Majira mawili ya baridi. Sitayaeleza, uliyaishi wewe. Nakumbuka tu ulikuwa unanishika sikio ukiumwa, sio mkono, sikio, unalivuta, na mimi nakuacha ulivute.

Halafu Januari ile, ulikuwa na miaka minane, ukaamka huwezi kumaliza sentensi. Pumzi ilikuwa inakatika. Nje baridi ya kugandisha pua. Nilikubeba na blanketi nikasahau viatu vyako, na mama yako alikuwa hajarudi kutoka kazini. Hospitalini wakasema ni kifua, damu imekwama kwenye mapafu, wakakuwekea oksijeni na kuanza kukuongezea damu. Daktari wa zamu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilitoka chumbani nikasimama kwenye korido nikitazama ukuta. Nilikuwa nimeogopa sijawahi kuogopa hivyo, na sijaogopa hivyo tena.

Ndipo nikamwona Mama Furaha anakuja na binti yake, wamevaa makoti, wanacheka kitu. Wanacheka! Nikakasirika. Sijui kwa nini nilimkasirikia yeye. Nikamwambia, "Mama, kila siku nakuleta hapa. Dawa ile inamfanyia nini mtoto wako? Mbona hampumziki?"

Akashangaa. "Papa Nekesa, hapana. Tunakuja kupima damu. Banapima damu juu ya dawa, kila mwezi. Haiko kulazwa."

"Lakini nilikuuliza, ukashusha pumzi."

"Nilichoka, papa. Saa kumi na mbili ya asubuhi, utafanya nini?"

Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku ya kwanza alipoingia garini. "Kabla ya dawa alikuwaje?"

"Mbele ya dawa?" Akamwangalia Furaha, akamshika kichwa. "Mbele ya dawa huyu mutoto alikuwa anakufa. Tulikuwa tunalala hapa mwezi muzima. Ndiyo maana balimupa."

Nekesa, nilikaa chini kwenye sakafu ya hospitali, mtu mzima na mwili wangu huu. Walimpa dawa kwa sababu alikuwa anaumwa kuliko wengine. Mimi nilikuwa nimeona anaumwa kuliko wengine, nikasema ni dawa. Nilikuwa nimelishika jambo lote kichwa chini miguu juu, nimelishika kwa nguvu, na nikajivunia.

Tulianza dawa ulipotoka wodini.

Sasa, shangazi yako Rose. Wewe humwita shangazi, lakini ni binamu ya mama yako, na kwangu ni shemeji, ndiyo maana ana ruhusa ya kunitania. Unajua anafanya kazi Eden Prairie kwenye ofisi ya vioo, na unajua pia kwamba hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuelewa anafanya nini huko. Alikuja kukuona, akaleta ugali na sukuma kwenye vyombo vya plastiki, nami nikamsimulia habari ya Mama Furaha nikidhani nimegundua jambo jipya duniani. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Shemeji," akasema, "hicho ndicho nalipwa kukifanya. Nachukua rekodi za wagonjwa, hazina majina, waliopewa dawa hii na waliopewa ile, najaribu kujua ipi imesaidia. Na kila siku napigana na hiyo hiyo iliyokupiga wewe."

"Inaitwaje?"

"Ina majina marefu. Jiulize tu: aliyepewa, kwa nini yeye akapewa?"

Nilidhani nimeelewa. Nilielewa hasa wiki kama mbili baadaye nikiwa barabarani, theluji imeanza, mbele yangu lori la kumwaga chumvi, ile ya kuyeyusha barafu ili magari yasiteleze. Nikafikiri: wapi wanamwaga chumvi nyingi? Kwenye kona mbaya, kwenye madaraja. Na magari huteleza wapi? Kwenye kona mbaya, kwenye madaraja. Mtu kama mimi akihesabu atasema, jamani, chumvi inaangusha magari, acheni kumwaga chumvi! Nikaanza kucheka peke yangu. Abiria wangu, mzee mmoja wa figo, akaniuliza kama niko sawa. Nikamweleza. Tukaanza kutafuta mingine mpaka tukafika: wenye mikongojo huanguka zaidi, kwenye zimamoto wengi ndiko moto mkubwa. Mzee alifurahi sana. Kila safari tangu siku hiyo alikuwa anapanda na mfano wake mpya.

Huo ndio ugonjwa nilioupata mimi. Nikampigia simu Rose kila mara kumwuliza, mpaka mume wake akaanza kunishuku. Nilitaka kujua: kama waliopewa dawa ni wagonjwa zaidi tangu mwanzo, mnawalinganisha vipi? Akaniambia wanamtafutia kila mtoto pacha wake. Huyu ana miaka saba, alilazwa sana mwaka uliopita, damu yake iko kiwango fulani, akapewa dawa. Tafuta mwingine wa miaka saba, aliyelazwa vivyo hivyo, damu hivyo hivyo, ambaye hakupewa. Halafu ndio uwafuate wote wawili uone. Usimlinganishe na aliyekuwa mzima.

Nikaona ni akili kubwa. Nikamwambia, basi mmemaliza. Akasema, "Wapi! Pacha wa kwenye rekodi ni pacha wa yaliyoandikwa. Yasiyoandikwa je? Daktari alimpa huyu kwa sababu wazazi wake wana gari na hawakosi kliniki. Mtoto akiendelea vizuri, ni kapsuli au ni gari?" Hapo kichwa kikaniuma. Maana sasa kosa linaweza kwenda upande wa pili: dawa ikaonekana nzuri kuliko ilivyo. Na kuna watoto wanaokunywa maji ya kutosha, na kuna wengine bibi zao huwapasha nguo kwenye jiko kabla hawajazivaa. Nani ameandika habari za bibi?

Nikamwuliza, sasa njia ya haki ni ipi? Akasema ni kupiga kura, ile ya bahati nasibu. Unachukua watoto wazazi wakikubali, kura ndiyo inaamua nani atapata dawa na nani atapata kidonge kisicho na kitu. Kwa hiyo wenye gari na wasio na gari, wenye bibi na wasio na bibi, wote wanachanganyika. Nilishtuka, nikamwambia, kupigia kura mtoto wa mtu? Kama mbuzi wa mnada? Rose akaniuliza kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake, "Na wewe ulimwamulia wako kwa kutumia nini, shemeji?" Watoto wa dawa hii walipigiwa kura kweli, na ni kwa ajili yao daktari alikuwa na la kusema kwangu siku ile nilipomletea habari za gari langu.

Lakini kura hazifiki kila mahali. Ni za watoto wachache, kwa muda mfupi. Hakuna aliyepiga kura ya kujua binti wa miaka kumi na minane, aliyekunywa tangu utotoni, akihama kutoka kwenye theluji kwenda jangwani, akitaka watoto siku moja, afanye nini. Maswali yako ya Jumapili ni maswali mazuri, Nekesa. Nilipokuwa napiga meza, ubongo wangu mdogo wa nyuma ulikuwa unasema, eh, huyu anauliza vizuri. Hayo hujulikana kwa kuwaangalia watu wanaoishi maisha yao na kuandika kinachotokea. Na yanajulikana polepole sana.

Utaniambia: lakini mimi dawa ilinisaidia, Baba, si uliona? Hapa ndipo nina siri ndogo ya kuchekesha. Sijui.

Ulianza kapsuli Februari. Machi tukahama. Unakumbuka ile nyumba ya kwanza, dirisha lako lilikuwa linaingiza upepo mpaka pazia linacheza? Tukaja hapa Columbia Heights ambako joto la jengo haliwezi hata kupunguzwa. Mama yako akapata zamu ya mchana, akawa nyumbani usiku. Na ulikuwa umetoka kwenye wakati wako mbaya kuliko wote. Rose anasema mtu huanza dawa akiwa chini kabisa, na kutoka chini kabisa mara nyingi hupanda hata bila kusukumwa. Mwaka ule ulilazwa mara moja tu. Mama yako anasema ni Mungu. Daktari alisema ni dawa. Mwenye nyumba angesema ni joto lake. Nilimshukuru kila mmoja, na nikikaa peke yangu najiuliza mpaka leo. Naamini ni dawa, kwa sababu ya watoto waliopigiwa kura. Nikitazama wewe peke yako, siwezi kuapa.

Na hilo ndilo linalonitia wasiwasi na mpango wako. Kule Bungoma, kabla hujazaliwa, nilikuwa fundi wa redio. Mama yako hapendi niseme maana anasema nilikuwa naharibu kuliko kutengeneza. Mteja mmoja, mwalimu, aliniletea redio inakwaruza. Nikabadilisha spika na waya wa ndani kwa mpigo mmoja, redio ikanyamaza kabisa. Kimya. Nikarudisha spika ya zamani, nikaweka waya mwingine, nikatoa, nikaweka, mpaka mwisho sijui kilichoua ni nini na kizima ni kipi. Fundi aliyekuwa ananifundisha akanipiga kofi la kisogo akasema, kitu kimoja, washa, sikiliza. Kitu kimoja, washa, sikiliza.

Wewe unataka kuondoka kwenye baridi na kuacha dawa ndani ya wiki hiyo hiyo moja. Ukiwa mzima huko, utasema kapsuli ilikuwa bure, na huenda ni jua tu limekubeba. Ukiugua utasema ni joto la jangwani, ni maji hukunywa, ni mitihani, na huenda ni kapsuli. Vyovyote itakavyokuwa, hutajua. Hama kwanza. Uzoee hewa, umpate daktari wa huko, muone damu yako inasemaje jua likikuwakia. Halafu mwulize yeye maswali yale yale uliyoniuliza, ya kucha na ya watoto, maana mimi ni dereva. Hilo ndilo nilitaka kulisema Jumapili, likatoka kama kelele.

Na lile kundi la kwenye simu, la watu walioacha wakapona wakanawiri. Nimelisoma, ulinionyesha mwenyewe. Sisemi wanadanganya. Nauliza tu: aliyeacha akazidiwa, yuko wapi? Ana nguvu ya kushika simu? Kwenye gari langu nilikuwa naona wagonjwa tu nikasahau wazima. Kwenye simu unaona wazima tu. Usinifuate kwenye kosa langu kwa kupitia mlango wa nyuma.

Kuna jambo moja limebaki na ni gumu kwangu. Mwezi wa tano, ulipotimiza kumi na minane, kliniki ilikuuliza kama unakubali rekodi zako ziendelee kutumiwa, bila jina, na watu wa kazi kama ya Rose. Ukatia sahihi ukaendelea kutafuna bigijii. Mimi usiku ule sikulala. Maana ndani ya rekodi hizo kuna mtoto wa miaka sita na saba aliyependekezewa dawa na hakupewa. Kuna mtu mahali fulani alikuchukua akakuweka upande wa wasiopewa, akakutafutia pacha aliyepewa, akahesabu nani alilazwa zaidi. Ubishi wangu umo humo, Nekesa. Umekuwa namba. Huenda kwa sababu yako daktari mmoja aliweza kumwambia baba mwingine, kwa uhakika kidogo zaidi, mpe mwanao. Nilipofikiri hivyo mara ya kwanza niliegesha gari pembeni nikalia, na mpaka leo sijui nililia kwa uchungu au kwa kitu kingine. Haikustahili wewe ulipe bei hiyo. Ningeweza, ningekuhamisha upande ule nikuweke pamoja na yule pacha. Siwezi.

Sasa upande unauchagua wewe. Nimemaliza kuchagua, na kuandika hivyo kumenichukua chai mbili. Ninakuomba jambo moja tu, na halina uhusiano na kunitii. Rose anasema anayewapoteza kuliko wote ni mgonjwa huyu: rekodi inasema anakunywa dawa, chupa inachukuliwa duka la dawa kila mwezi, na kumbe zimelala kwenye droo. Hawezi kuonekana. Akiugua, dawa inalaumiwa. Akipona, dawa inasifiwa. Kila anayefuata anaongozwa na uongo ambao hakuna aliyeusema.

Usiwe huyo. Ukiendelea, endelea kweli. Ukiacha, mwambie daktari siku hiyo hiyo aandike, kisha unipigie mimi. Nitapiga kelele, unanijua. Niache nipige kelele mpaka ziishe. Zikiisha nitakuuliza unajisikiaje, na safari hii nitanyamaza nisikie. Kwa sababu kuna baba mahali fulani, mbishi kuliko mimi, ana binti mdogo mwenye damu kama yako, na siku binti huyo akifika umri wako atauliza kama anaweza kuacha. Jibu atakalopewa baba yule litatoka kwenye mwili wako. Usimdanganye, Nekesa. Na mimi usinidanganye.

Baba yako,
Wafula